Epoksi imenitoa jasho
Jamani, leo nimefungua kidhibiti chaji cha sola nilichokimwagia epoksi, ile gundi ya kuchanganya inayokauka ngumu, mwaka jana, cha boti moja hapa Mafia. Niliichagua kwa ugumu wake, nikijua maji ya chumvi hayatapata pa kupenya. Kumbe ugumu huohuo ndio ulioniponza. Mchana bodi ya saketi iliyo ndani inachemka, usiku inapoa, na epoksi hainyumbuki. Imevuta vijikapasita, vile vipuri vidogo vya kwenye bodi, hadi lehemu zimepasuka. Kuitoa sasa! Saa nzima na bisibisi, nimeng'oa hadi njia za shaba zinazopitisha umeme kwenye bodi.

Kabla ya hapo nilitumia silikoni ya madirisha, ile inayonuka siki. Msithubutu. Harufu ile ni asidi inayotoka ikikauka, na inakula shaba. Nilikuta waya umeota kutu ya kijani.

Safari hii ni silikoni ya sehemu mbili, isiyotoa asidi, laini kama mpira, inayostahimili joto hadi nyuzi 200 hivi. Bei inauma kweli. Poliurethani, plastiki nyingine ya kumwagia, nayo inanyumbuka na ni nafuu zaidi, ila kwa unyevu wa huku kwetu ukizubaa wakati wa kuchanganya inatoa povu.

Mwenye boti ananipigia simu tangu asubuhi.