Mradi wa gari la zamani, kumbukumbu ya 4: kupima mfumo wa cheche

Gari lilikuwa na tabia iliyonichosha kichwa kwa wiki mbili: likisimama, injini inaunguruma bila kasoro, na nikikanyaga mafuta mpaka mwisho linavuta vizuri, lakini nikienda mwendo wa wastani kwa mguu mwepesi linakohoa na kukatakata moto. Niliishuku karbureta, nikaifungua na kuisafisha mara mbili bila sababu.

Hatimaye nilihamia upande wa umeme. Mfumo ni ule wa zamani wa pointi (swichi ndogo inayofunguka na kufungana injini ikizunguka) na kondensa (kifaa kinachozuia pointi kuungua) ndani ya distributa, kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi. Betri ilisoma volti 12.6, nikaiacha. Koili, inayopandisha volti za betri hadi zitoshe kutoa cheche, nilichomoa nyaya zake kwanza, kisha nikapata omu 3.2 upande wa volti ndogo na takriban omu 8,500 upande wa volti kubwa, vipimo vinavyokubalika kwa koili ya volti 12 isiyotumia rezista ya nje. Plagi, nyaya zake na kofia ya distributa havikuwa na tatizo.

Kipimo kilichonifumbua macho ni kile ambacho wengi wetu hukiruka. Nilizungusha injini kwa mkono mpaka pointi zikafungana, nikawasha swichi bila kupiga stata, kisha nikaweka ncha moja ya multimita kwenye terminali hasi ya koili na nyingine kwenye hasi ya betri. Hapo umeme unapita kwenye pointi kwenda bodi, kwa hiyo volti zinazobaki hazipaswi kuzidi 0.2 hivi, zangu zilikuwa 0.12. Nilikaribia kufunga kofia, ndipo nikakumbuka kwamba sahani inayobeba pointi haitulii mahali pamoja gari likitembea, bali huvutwa na mfyonzo wa hewa unaopita kwenye mpira mwembamba utokao kwenye karbureta, hasa mtu anapokanyaga mafuta kidogo. Nikauchomoa mpira huo upande wa karbureta na kuufyonza kwa mdomo (ladha yake siipendekezi kwa yeyote). Sahani ikasogea, na multimita ikaruka hadi 1.9.

Mhalifu alikuwa kiwaya kifupi kinachounganisha sahani hiyo na bodi ya distributa. Kwa nje kilionekana kizima, ila nilipokipinda kwa kucha, nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika chini ya gamba lake, zikabaki mbili tatu zilizogusana kwa bahati.

Nimeweka kingine chenye nyuzi nyingi laini, kwa kuwa kikiwa kigumu kitaizuia sahani kusogea. Sasa nikifyonza, kipimo kinabaki 0.09. Kwa kuwa nilisafisha pointi na kurudisha mwanya wake kuwa milimita 0.4, majira ya cheche, yaani wakati hasa cheche inapopigwa, yatakuwa yamehama kidogo. Kuyarekebisha kwa taa maalumu ndiyo kazi inayofuata, kabla sijalitoa tena barabarani.