Maji baridi hayagandishi mafuta tumboni, jamani

Kila tukikaa kwenye nyama choma lazima atokee mmoja wa kukutolea macho ukiagiza maji ya baridi, "utagandisha mafuta tumboni wewe, chukua ya moto." Afu anakuonyesha na ushahidi, bakuli la supu ya mbuzi iliyopoa, juu imefunga utando mweupe mzito mpaka unaweza kuunyanyua na kijiko. Ushahidi mzuri kwa kweli, ila tumbo sio bakuli.

Kwanza maji hayo yakishafika tumboni hayakawii kupata joto la mwili, nyuzi 37. Ila kuna kitu wabishi wa pande zote mbili huwa hawakisemi, mafuta ya mbuzi au ya ng'ombe yakiwa peke yake yanayeyuka kwenye nyuzi 40 na kitu kwenda juu, yaani hata ukinywa chai ya kuunguza ulimi, mwili wako hauna joto la kuyafanya yawe maji kabisa. Na bado mtu mzima mwenye afya anafyonza zaidi ya asilimia 90 ya mafuta anayokula! Kwa hiyo sio joto linalofanya kazi hapo, ni nyongo na kongosho (kile kiungo cha nyuma ya tumbo kinachomwaga maji ya kusaga chakula).

Tumboni penyewe kazi inaanza kidogo tu, kuna kimeng'enya (protini ya kukata chakula) kinaitwa lipasi, kinakatakata mafuta kiasi. Shughuli yenyewe iko mwanzoni mwa utumbo mwembamba, mafuta yakigusa pale tu inatoka homoni inayoitwa kolesistokinini, inauambia mfuko wa nyongo ujikamue na kongosho limwage maji yake. Ndani ya nyongo kuna chumvi za nyongo na fosfolipidi, aina ya mafuta yenye fosforasi, hasa ile inayoitwa lesithini. Fosfolipidi ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayopenda mafuta, kwa hiyo inakaa mpakani kati ya hivyo viwili, na tone kubwa la mafuta likishavunjwa na mtikisiko wa utumbo vile vitone haviungani tena. Ukitaka kuona kwa macho chukua mafuta ya alizeti na maji kidogo, piga na uma, baada ya dakika chache vinaachana kila kimoja kwake. Weka kiini cha yai, piga tena huku unamimina mafuta kidogo kidogo, inakuwa uji mzito wa njano ambao hauachani. Ni lesithini ileile, na Mfaransa mmoja Gobley aliipata humohumo kwenye kiini cha yai miaka ya 1840.

Kwa nini vitone vidogo? Kwa sababu lipasi haiwezi kuzama ndani ya mafuta, inakata juujuu tu, ukilivunja tone unaipa sehemu kubwa zaidi ya kukata. Sasa hapa ndo pananifurahisha, chumvi za nyongo zikishalizunguka tone zinaisukuma lipasi yenyewe isipate pa kushika, mpaka kongosho lilete protini ndogo ya pembeni, kolipasi, inayoishikilia pale juu. Ikishashika inanyofoa asidi za mafuta mbili kati ya tatu zilizoungana kwenye kila chembe ya mafuta, na kimeng'enya kingine kinazikata hata zile fosfolipidi, zinafyonzwa nazo.

Mwanasayansi wa Kifaransa Claude Bernard aliiona kazi hii ya kongosho kwa sungura, karne ya 19. Sungura mrija wake wa kongosho unaingia utumboni mbali sana chini ya ule wa nyongo, na alipomchunguza aliyekula mafuta, vile vimishipa vyeupe vya kubeba mafuta vilianza kuonekana baada tu ya mrija wa kongosho. Nyongo peke yake haikutosha.

Vimishipa vyenyewe ni vya limfu, majimaji ya mwili yanayopita kwenye mishipa yake mbali na damu. Seli za utumbo zinayaunga upya mafuta, zinayavisha koti la fosfolipidi (tena hizohizo) na protini, afu yanapita kwenye limfu mpaka mshipa mkubwa wa damu karibu na shingo upande wa kushoto, ini linarukwa kwanza. Ndo maana baada ya kula mafuta mengi damu inaweza kuwa na ukungu kama maziwa, na ndo maana maabara wanaweza kukuambia uje hujala wakitaka kupima mafuta.

Na wale wanaosema maji ya limao yanakata mafuta? Tumbo tayari lina asidi kali kuliko limao lako, na halikati mafuta kwa hiyo asidi. Kunywa kama unapenda ladha.

Cha kuangalia ni choo. Kikiwa na mafuta, kinaelea, kinanuka kupita kawaida na rangi imepauka, tena siku kadhaa, nenda hospitali, huenda njia ya nyongo imeziba au kongosho limechoka, hapo hata uagize maji ya moto ndoo nzima. Kongosho likishindwa wanatoa vidonge vya vimeng'enya, unameza pamoja na chakula, na kwa kawaida vinatengenezwa na kongosho la nguruwe, kwa hiyo ndugu zangu Waislamu muulizeni daktari mapema kabla hajaandika, na shehe pia.