Nilivyomtafuta Tevye wangu

Wiki mbili za mwanzo nilikuwa Topol wa bandia. Nilikuwa nimepewa nafasi ya Tevye katika Fiddler on the Roof, mchezo wa jukwaani wa nyimbo, na nilikuwa nimeitazama ile filamu yake ya 1971, ambayo Topol ndiye Tevye, mpaka nikajua anavuta pumzi wapi. Nikifika mazoezini naunguruma kama yeye, mabega nachezesha kama yeye. Mwongozaji akawa anaandika tu kwenye daftari lake, kisha jioni moja akalifunga. "Topol aliicheza nafasi hii zaidi ya mara 3,500. Yeye tunaye tayari. Wewe ni nani?"

Swali gumu kwa Msukuma wa Magu anayeendesha basi la shule huku Minnesota, Marekani, aliyejiunga na kikundi cha maigizo cha mtaani kwa kuwa walipungukiwa sauti nzito.

Fiddler on the Roof ilianza Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, mwaka 1964, Zero Mostel akiwa Tevye. Tangu hapo imerudishwa pale pale mara tano, na mwaka 2018 ikachezwa New York kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Tevye ni Myahudi muuza maziwa wa kijiji cha Anatevka, Urusi ya mwaka 1905. Ana mabinti watano, na kila anayefikia kuolewa anaivunja mila kuliko dada yake.

Mlango ulinifungukia kwenye ng'ombe. Lazar Wolf, mwenye bucha, anamwita Tevye ili amwombe kumwoa Tzeitel, binti mkubwa. Tevye anadhani jamaa anamtaka ng'ombe wake wa maziwa. Wanapishana weee, ukumbi hoi kwa kicheko. Mimi kichekesho sikukiona. Kwetu mgeni akianza kuulizia ng'ombe, mama anakwenda kumwambia binti abadilishe nguo!

Niliposimulia hivyo, wenzangu walicheka kuliko walivyocheka mazoezi yote. Basi nikaacha kuunguruma. Nikakaa kama baba mdogo alivyokaa siku ya mahari ya dada yangu: macho chini, kijiti kikichora vumbi, jibu linachelewa hadi mgeni anajikohoza. Ule ukimya ndio uliowachekesha watu.

Lakini sikutaka kumfanya Tevye Msukuma. Mzee wa Kiyahudi aliyeigiza rabi alinifundisha kugusa mezuza, kikasha chenye maandiko matakatifu kinachofungwa kwenye mwimo wa mlango, na kubusu vidole, mara mia, mpaka mkono ukawa unakwenda wenyewe.

Kilichonitesa ni Chava, binti wa tatu, anayeolewa na Mkristo. Baba yake anamhesabu amekufa. Mwisho kabisa, kijiji kizima kikifukuzwa, Chava anakuja kuaga, na Tevye hamtazami. Anafunga mizigo, ananong'ona neno la kumwombea Mungu, na Tzeitel ndiye anayelifikisha. Nilijaribu kulia, nikajaribu hasira. Vyote vilikuwa uongo.

Nikamkumbuka tena baba mdogo. Binti yake alibadili dini akaolewa Tabora, na miaka tisa mzee hakulitaja jina lake. Ila kila msafiri aliyepita nyumbani aliulizwa: "Tabora mvua imenyesha?"

Usiku wa kwanza nilifika pale nimeshika kamba ya mkokoteni. Maneno yale sikumwambia mtu, nililiambia fundo, taratibu, kama anayeulizia mvua. Onyesho lilipokwisha, mwongozaji alikuja nyuma ya jukwaa na daftari lake. Ukurasa wangu ulikuwa mtupu.