Hesabu Matone: Mafuta ya Kunukia Katika Chumba cha Futi Kumi kwa Kumi

Ikifika Juni na baridi ikashuka kutoka Limuru, nusu ya Nairobi huanza kupiga chafya, na chupa ndogo za kahawia hutolewa kabatini. Mkaratusi wa pua iliyoziba, lavenda ya usingizi, karafuu ya jino. Si vibaya. Ubaya uko kwenye mkono unaomimina. Mtu hujaza kifuniko, akamwaga chote kwenye sufuria inayotokota, halafu akashangaa mbona macho yanawasha na mtoto amezidi kukohoa.

Anza na hesabu hii. Kilo moja ya matawi mabichi ya rozmeri, ikikenekwa kwa mtambo mzuri (yaani mvuke hupitishwa kwenye majani, kisha hupozwa), hutoa mafuta mililita 5 hadi 10. Mililita moja ni matone kama 20. Kwa hiyo tone moja limebeba gramu 5 hadi 10 za majani. Chupa ya mililita 10 ina matone 200 hivi, na kazi nyingi za nyumbani zinataka mawili au matatu. Chupa ikikuishia kwa wiki mbili, kuna kitu unakosea.

Kabla ya kipimo, chupa yenyewe. Mjini utauziwa kuanzia River Road hadi Ngara, na mtandaoni ndiyo usiseme. Lebo iwe na jina la kisayansi la mmea, sehemu iliyotumika, nchi ulikotoka, nambari ya toleo na tarehe ya kuisha. Jina la kisayansi si madoido. "Mkaratusi" unaweza kuwa Eucalyptus globulus, wenye sineoli nyingi, ile inayozibua kichwa; au Corymbia citriodora, unaonukia kama limau na wenye kazi nyingine kabisa. Yale mafuta ambayo wauzaji huyaita tii-trii yawe yameandikwa Melaleuca alternifolia. Mti huo ni wa Australia, lakini hulimwa hata hapa kwetu, upande wa Laikipia, kwa hiyo usidhani cha Kenya ni bandia.

Duka likiuza aina zote kwa bei moja, liogope. Mafuta ya chungwa hutoka kwenye maganda ambayo kiwanda cha juisi kingeyatupa, ilhali kilo moja ya mafuta ya waridi hula kilo 3,000 hadi 5,000 za petali. Haviwezi kuuzwa sawa. Na usidanganywe kwamba waridi hilo ni la Naivasha: maua ya mashamba yale yamezalishwa yadumu kwenye chombo, hayana harufu ya maana, na yamepigwa dawa za wadudu. Yaache mezani.

Jaribio la nyumbani ni karatasi nyeupe. Dondosha tone moja, liache hadi kesho yake. Mafuta mengi halisi huruka yote, labda yakabakiza rangi kidogo. Likibaki duara la grisi kama la chapati, yamechanganywa na mafuta ya kupikia. Jaribio la pili ni glasi ya maji: tone halisi huelea, isipokuwa karafuu na mdalasini, ambayo huzama kwa kuwa ni mazito kuliko maji. Maji yakigeuka meupe kama yametiwa maziwa, kuna kiyeyushi ndani. Majaribio haya hayakamati kila ulaghai, lakini humkamata mlaghai mvivu, na hao ndio wengi.

Sasa kuzimua. Mafuta haya hayapakwi yakiwa matupu, hata tii-trii, hata lavenda, haijalishi aliyekwambia ni nani. Chukua chupa ya mililita 30 ya mafuta mazito, yaani ya kawaida yasiyoruka, kama nazi au parachichi. Kwa mwili wa mtu mzima mwenye afya tia matone 12, ambayo ni asilimia 2. Kwa uso, 6. Mtoto wa miaka 3 hadi 6, matone 3 tu, na yawe ya lavenda. Mkaratusi na minti vikae mbali na uso wake. Aliye chini ya miaka 2 hahitaji lolote kati ya haya, maana menthol (kiini cha minti) na kafuri karibu na pua ya mtoto mchanga vinaweza kumkatiza pumzi. Mja mzito aulize kliniki kwanza, na akiruhusiwa asivuke 6.

Kuna wakorofi wanaovunja hesabu hiyo. Karafuu ina eugenoli, kiini chake kikali, kwa asilimia 70 na zaidi, kwa hiyo isipite matone 3 katika mililita 30. Mchaichai, kwa sababu ya sitrali, kiini chake chenye harufu ya limau, usipite 4. Mafuta ya gome la mdalasini yasiguse ngozi hata kidogo. Na mafuta ya limau au ndimu yaliyokamuliwa yakipakwa, funika sehemu hiyo isipigwe na jua kwa saa 12. Jua la Nairobi, karibu na ikweta na kwenye nyanda za juu, hupaka ngozi kama hiyo malengelenge na madoa meusi yanayokaa miezi.

Mafuta mazito gani? Wengi hukimbilia nazi, na hapo baridi huwachezea. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, na jikoni mwa Nairobi mwezi wa Julai hayafiki huko. Ukidondosha tone kwenye nazi iliyoganda, halisambai. Linakaa kijidimbwi kimoja, na siku utakapochota hapo utapaka kitu kikali mara kumi ya ulichokusudia. Simamisha chupa ya nazi kwenye bakuli la maji ya vuguvugu hadi iwe maji kabisa, ndipo udondoshe, utikise, kisha uache igande. Usiipashe motoni. Asiyetaka kazi hiyo atumie makadamia au parachichi, yanayokamuliwa hapa hapa nchini. Alizeti nayo inafaa, ila huchacha upesi, kwa hiyo tengeneza ya mwezi mmoja tu.

Kabla ya kuutumia, jaribu mchanganyiko: paka kidogo kwenye kunjo la mkono, ngoja saa 24. Ngozi ikiwasha, futa kwanza kwa mafuta ya kupikia, halafu sabuni. Ukianza na maji matupu unayatandaza tu, maana hayachanganyiki nayo.

Kujifukiza ndiko kunakoleta majeraha mengi, na mara nyingi si ya mafuta bali ya maji. Nairobi iko juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 badala ya 100. Usifikiri hizo sita zitakuokoa. Sufuria ya lita tano mapajani chini ya blanketi, mtoto kando, ni hospitali inayosubiri.

Fanya hivi. Chemsha nusu lita, mimina kwenye bakuli zito la udongo lililokaa katikati ya meza, si kitandani wala mapajani. Ngoja dakika tatu. Jifunike taulo, funga macho, sogeza uso hadi usikie joto bila kuchomeka; sentimita 30 zinatosha. Hapo ndipo unadondosha tone moja la mkaratusi, la pili baada ya dakika mbili ukihitaji. Sababu ya kungoja ni kwamba mafuta huelea juu ya maji na karibu yote huruka ndani ya dakika ya kwanza. Ukiyatia sufuria ikiwa motoni, yanaishia darini. Tena yanawaka: mvuke wa mafuta ya mkaratusi unaweza kushika moto yakifika kama nyuzi 50, na kuna watu wanaoyamimina juu ya gesi iliyowashwa. Dakika tano hadi kumi, basi. Mwenye pumu asijaribu, kwa kuwa harufu kali yenyewe inaweza kumbana kifua.

Na ujue unachopata. Mvuke hulainisha kamasi, ndio sababu unapenga vizuri baadaye. Menthol ya minti haizibui chochote. Huamsha neva za baridi puani, ubongo ukaamini hewa inapita. Nafuu ni nafuu, lakini mafua yatakaa siku zake. Kikohozi cha wiki mbili ni cha kupimwa kifua kikuu, si cha kufukizwa.

Wanaotumia majani badala ya mafuta wako salama zaidi, kwa kuwa ni vigumu kuzidisha. Konzi moja ya majani yaliyokomaa inatosha nusu lita. Usichume ya mikaratusi ya kando ya barabara kuu, hayo yamelambwa na moshi wa matatu mchana kutwa. Tena mkaratusi wa nguzo za umeme si lazima uwe wenye sineoli nyingi. Finya jani vidoleni: lisiponukia sana, halina kazi. Huko Bonde la Ufa kuna leleshwa, ambayo vijana wa Kimaasai huweka majani yake kwapani kuua harufu ya jasho. Hilo nalo hunukia kama kafuri, na adabu yake ni hiyo hiyo.

Chetezo kina sheria zake. Ubani unaouzwa Islii, mwingine ukitoka kwenye miti ya Boswellia kule Wajir, Marsabit na Samburu, ni utomvu, na utomvu hautaki moto mkali. Washia makaa nje hadi yavikwe jivu jeupe. Ongeza jivu kidogo juu yake, ndipo uweke punje mbili za ukubwa wa choroko. Punje itatoka povu polepole na kunukia utamu wenye ndimu ndani yake. Ukiiweka juu ya kaa jekundu huungua papo hapo, harufu ikawa ya mpira, na watu wakalaumu ubani.

Lakini tatizo kubwa liko kwenye makaa. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye makaa, haina harufu, na chetezo kinachonukia humfanya mtu asahau kabisa kwamba ndani kuna moto. Katika chumba cha futi kumi kwa kumi fungua mlango na dirisha, fukiza dakika kumi, kisha toa chetezo nje. Usilale nacho. Wanaouza mafuta ya ubani kama dawa ya viungo vinavyouma hutaja asidi za boswelia. Asidi hizo ni nzito, hazipandi na mvuke wakati wa kukeneka, kwa hiyo ndani ya chupa hazimo. Zilibaki kwenye utomvu.

Difuza, kile chombo cha umeme cha kutoa ukungu, ni rahisi: matone matatu kwenye mililita 100 za maji, nusu saa, kisha zima. Usiku kucha ni kuumwa kichwa. Kama jengo lenu linatumia maji ya kisima yenye chumvichumvi, ukungu huo huacha vumbi jeupe kwenye runinga na kwenye mapafu. Tumia maji ya mvua yaliyochujwa. Anayechefuka kwenye matatu za safari ndefu atie tone moja la minti kwenye leso. Imetosha.

Karafuu ya jino: tone moja ndani ya matone matano ya mafuta ya kupikia, pamba ndogo, juu ya jino lenyewe bila kugusa ufizi. Hufa ganzi kweli. Madaktari wa meno wenyewe huchanganya eugenoli na zinki oksaidi kuziba tundu kwa muda. Kwa muda.

Mwenye ua wa rozmeri anaweza kujitengenezea maji ya kunukia. Sufuria ya lita kumi, tofali safi katikati, kilo moja ya matawi pembeni, maji lita mbili yasifike juu ya tofali. Bakuli juu ya tofali. Mfuniko ugeuzwe chini juu ili kirungu kielekee bakulini, na barafu ijazwe juu yake. Moto mdogo, dakika 45. Utapata mililita 300 hivi za maji yenye utando mwembamba wa mafuta, usitarajie chupa. Moto ukiwa mkali maji huruka bakulini na kila kitu kikanuka sukuma wiki. Mfuniko wa kioo una kitundu cha mvuke, kizibe kwa donge la unga, la sivyo harufu yote inaenda kwa jirani. Weka kwenye friji, umalize kwa wiki mbili.

Chupa za mafuta zifungwe vizuri na zikae gizani, mbali na jiko na mbali na mtoto. Kijiko kimoja cha chai cha mkaratusi kinaweza kumtia mtoto mdogo degedege na usingizi mzito. Akimeza, usimtapishe, maana yanaweza kuingia mapafuni. Kimbia hospitali na chupa mkononi. Mafuta ya machungwa na malimau hudumu kama mwaka, tii-trii mwaka mmoja hadi miwili. Yakizeeka huungana na hewa na ndipo yanapoanza kuwasha hata ngozi iliyoyazoea. Hayo hayapakwi tena: tia matone kumi kwenye ndoo, upige deki chooni. Mwenye paka asifanye hata hilo, kwa sababu paka hulamba miguu yake na ini lake haliwezi kuyavunja.