Yai Bichi, Turubai na Farasi wa Kijivu

Daladala ya Kayenze ilijaa kabla hatujatoka mjini Mwanza. Tulipita uwanja wa ndege, tukapita Igombe, harufu ya dagaa ikaingia dirishani kabla ziwa lenyewe halijaonekana. Niliposhuka nilichukua bodaboda hadi kwenye shamba ambalo rafiki yangu alikuwa akinisimulia mwaka mzima: farasi wanne kando ya Ziwa Victoria, katika nchi ya Wasukuma, ambako mnyama wa heshima ni ng'ombe.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimu mwenye shamba kwa Kisukuma; mayu ni mama. Aliitikia huku akimfunua farasi mdomo wa juu autazame ufizi. Hufanya hivyo kila asubuhi. Ufizi ukipauka, au joto la mwili likipita nyuzi 38 na nusu, humwita daktari wa mifugo, kwani mbung'o akishamwambukiza farasi nagana, mnyama hudhoofika. Siku ile ufizi ulikuwa wa waridi, umelowa vizuri.

Nilipewa farasi jike wa kijivu. Nikavaa kofia ngumu, nikapanda kwa upande wa kushoto kama ilivyo desturi, nyayo kwenye vikuku. Mchezo wa kwanza ulikuwa yai bichi kwenye kijiko: hatamu mkono mmoja, kijiko mkono wa pili, mnazunguka uwanja mwendo wa pole. Yai langu lilipasuka hatua ya nne. La pili nalo halikufika mbali.

"Mwanangu, legeza kiuno, pumua," mayu akaniambia. "Ukijikaza wewe, naye anajikaza."

Nikashusha pumzi. Nilihisi mgongo wa farasi ukilegea chini yangu, sikio lake moja likageukia nyuma, kwangu. Yai la tatu lilimaliza mzunguko. Nimewahi kuona watu wakipanda farasi ili waende shoti tu. Kwa maoni yangu wanaruka somo lililo zuri kuliko yote.

Watoto wa jirani walipofika, spika ikafunguliwa kwa bongo fleva na viroba vitatu vikatandikwa chini kwa wapanda farasi wanne. Muziki ukikatika, unashuka, unamvuta farasi wako, unawahi kusimama juu ya kiroba. Anayekosa anatoka. Uingereza watoto hushindana kwa timu katika michezo ya namna hii tangu 1957, kwenye Kombe la Prince Philip. Hapa kombe lilikuwa karoti, na aliyeila ni farasi. Mapipa matatu ya kuzunguka kwa kasi, mchezo wanaoupenda sana Marekani, tuliyapitia kwa matembezi tu kwa ajili yangu.

Kisha likaja turubai. Lilitandikwa mchangani, likawekewa mawe pembeni, na kazi ilikuwa kumpitisha farasi juu yake. Wa kijivu alisimama tuli, hataki kusogea. Farasi haoni kilicho chini ya pua yake, kwa hiyo usipompa nafasi ya kuinamisha kichwa unampeleka gizani. Nilitaka kumsukuma kwa visigino, mayu akanikataza. Tukangoja. Akanusa, akapiga chafya, akagusa turubai kwa kwato moja. Lilipolia chakachaka alirudi nyuma, akanusa tena, halafu akavuka taratibu, hatua moja baada ya nyingine. Nilimsugua shingo hadi vidole vikajaa vumbi.

Jioni tukatoka kwenda ufukweni, mbali kidogo na maji, kwa sababu mayu haruhusu farasi kuingia ziwani kwa ajili ya mamba na viboko. Kwenye mchanga wavuvi walikuwa wameanika dagaa juu ya nyavu, zinameremeta, pembe za nyavu zikipepea kwa upepo. Farasi wangu akasimama, shingo juu. Nikalegeza hatamu, nikapumua. Akashusha kichwa, akanusa ule upepo wa dagaa kwa muda mrefu, kisha akapita.