Siku moja maishani mwangu: kupima miti Sikonge, Tabora

Saa 11 alfajiri tunakunywa uji na kuondoka kambini. Saa 1 gari linagota kwenye njia ya ng'ombe. Kutoka hapo ni miguu, na mbung'o. Kwenye misitu ya miombo ya Tabora usivae bluu wala nyeusi, zinawavuta hao mbung'o, utajuta.

Saa 2 na nusu tumefika katikati ya ploti, eneo letu la kupimia. Tunachora duara lenye nusu kipenyo cha mita 15. Kila mti mkubwa ndani yake unapimwa kipenyo mita 1.3 kutoka ardhini na kutajwa jina; visiki navyo vinapimwa. "Mtundu, 31.4!" naita jina la mti na sentimita zake. Mwenzangu anarudia, anaingiza kwenye kishikwambi.

Hapo akatokea mzee na baiskeli yake, akasimama katikati ya ploti.

"Nani kawatuma?"

Nikampa barua. Akaisoma pole pole, akaigeuza nyuma, akaisoma tena.

"Karatasi kama hii ililetwa na wenzenu. Mwezi uliofuata zikaja bikoni za mipaka."

"Mzee wangu, sisi hatupimi ardhi. Tunapima miti."

"Kwani mti unaota hewani?"

Vijana wakacheka. Mimi jibu sikuwa nalo. Tukampigia mwenyekiti wa kijiji, hapatikani. Nikamweleza kuwa takwimu zinaingia kanzidata ya taifa; kwamba NAFORMA, tathmini ya taifa ya rasilimali za misitu, katika ripoti ya 2015, ilikuta Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu, zaidi ya nusu ya ardhi yote. Hekta hazikumgusa.

"Na mninga uliokatwa hapa usiku, umo humo?"

Nikampeleka kwenye kisiki, utomvu mwekundu umegandia ukingoni. Nikamwonyesha kwenye kioo cha kishikwambi: mninga, kisiki, kipenyo sentimita 44. Akasoma kwa kidole. Kisha akaegemeza baiskeli na kuanza kutusomea majina ya miti, jina moja akimsahihisha mtambuzi wetu wa miti, na kweli alikuwa sahihi.

Saa nzima na zaidi imekwenda. Ploti inayofuata iko mita 250 tu, lakini ni vichaka vya miiba na jua la utosi. Baada ya hapo saa sikuitazama tena. Kupima, kuita, kurudia, kunywa maji ya moto. Halafu mtu mjini anasema tunakula posho tukitembea porini!

Giza limeingia, nipo juu ya kichuguu natafuta mtandao. Takwimu zimekwenda nusu. Dereva ameshatangaza kuwa kesho gari haliingii porini, tujiandae kutembea.