Saa arubaini za huduma na taa ya Likoni

Somo letu la huduma kwa jamii lilimtaka kila mwanafunzi atumikie saa arubaini nje ya chuo. Kila niliyemuuliza nizitimize vipi alinijibu vilevile: nendeni mkaokote taka ufuoni, vaeni fulana za rangi moja, pigeni picha, saa arubaini zitakwisha kwa wikendi tatu. Waliotutangulia chuoni walisema hivyo, na mwalimu mmoja wa idara nyingine pia. Naandika haya kwa sababu najua kuna watakaoambiwa hivyo hivyo muhula ujao, na nawaomba wasisikilize.

Mimi nilisikiliza. Tulikuwa sita, tukavuka feri Jumamosi moja tukaenda ufuo wa Shelly kule Likoni, Mombasa. Tukajaza magunia kumi na moja: chupa, kandambili, vipande vya nyavu. Picha zikatoka nzuri. Jumanne nikapita tena, nikayakuta magunia yetu pale pale chini ya mwarobaini. Matatu yalikuwa yamepasuliwa na kunguru, na taka zimetapakaa mchangani upya. Hatukuwa tumemuuliza mtu yeyote taka za pale huchukuliwa na nani, wala siku gani. Kijana mmoja aliyekuwa akipaka mashua yake rangi akaniambia kwa upole, "Nyinyi wa vyuo huja kila mwaka. Hakuna aliyewahi kutuuliza sisi twataka nini."

Nililala na maneno hayo. Mwalimu wa somo letu alikuwa ametufundisha kwamba kule Marekani, ambako jina la masomo haya ("service-learning") lilianza kutumika miaka ya 1960, kujitolea ni jambo moja na kujifunza kwa kutumikia ni jambo jingine. Katika hilo la pili, wenyeji ndio hutaja haja yao, na mwanafunzi hurudi darasani akayatafakari aliyoyaona. Nilikuwa nimeyaandika daftarini na kuyajibu vizuri kwenye mtihani. Kumbe sikuwa nimeyaelewa.

Basi nikarudi Likoni mikono mitupu, nikaomba kukaa na kina mama wa chama kimoja siku yao ya kukutana. Nikauliza, nikanyamaza. Anayeuza mahamri akasema, "Mwanangu, mimi naamka saa tisa za usiku kukanda unga. Saa kumi na moja niko njiani na beseni kichwani. Nataka taa." Mulika mwizi, ile taa ya mlingoti mrefu iliyokuwa pale wanaposhukia matatu, ilizimika tangu kabla ya Ramadhani. Walikuwa wamelalamika kwa mdomo na kwa simu, wakaahidiwa, wakachoka.

Hapa ndipo ninapojivunia, na sitaficha. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia wa Kenya haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 ikaongeza meno: ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu, huombwi sababu ya kuuliza, na ombi huandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili. Asiyejua kuandika, afisa ni lazima amsaidie. Kwa hiyo msiandike malalamiko, andikeni maswali. Lalamiko huwekwa kando, lakini swali linahesabiwa siku zake. Sisi tuliandika matatu tu: taa hii ni jukumu la nani, mara ya mwisho ilitengenezwa lini, na imetengewa pesa mwaka huu au la.

Rafiki yangu alisisitiza tuandike kwa Kizungu ili watuheshimu. Mama wa mahamri akakataa: "Nitie sahihi kitu nisichokisoma?" Ikawa Kiswahili. Kumi na wanne walitia sahihi, na wawili dole gumba.

Ofisini kwa kaunti, upande wa kisiwani Mombasa, tulikwenda watatu asubuhi mapema (msiende baada ya chakula cha mchana, hamtampata mtu). Dada wa mapokezi akaitazama barua, akanirudishia. "Hii kaitafsiri kwanza." Nilikuwa nimechapisha ukurasa wa sheria wenyewe na kuupigia mstari kwa kalamu pale paliposema Kiswahili. Nikaufungua taratibu, nikauweka juu ya meza. Akasoma. Akasoma tena. Akaingia ndani, akakaa kama robo saa, akatoka na muhuri. Akapiga kwenye barua, nami nikamsogezea nakala ya pili, akapiga na hiyo, na tarehe juu yake. Nakala hiyo yenye muhuri ndiyo kila kitu. Bila hiyo hakuna anayejua siku zimeanza lini. Kuchapisha, kopi na matatu vilinila kama mia nne hivi. Feri ukienda kwa miguu ni bure.

Mama akatia duara siku ya 21 kwenye kalenda iliyotundikwa karibu na jiko lake. Siku ya 19 jibu likaja: kebo ya chini imeharibika, na matengenezo hayamo kwenye bajeti ya mwaka ule. Wenzangu walivunjika moyo. Mimi nilifurahi, kwa sababu sasa tulikuwa na karatasi. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na Katiba inataka wananchi wasikizwe. Kikao cha maoni kilipoitishwa, mama alisimama mwenyewe akaisoma barua ile kwa sauti, muhuri na yote. Mimi nilikaa nyuma. Niliombwa niseme, nikakataa, na hilo nashauri sana.

Taa iliwaka Agosti. Saa zangu zilipita sabini, zikaandikwa arubaini.

Mwezi uliopita nilipita kumsalimia. Kalenda ni mpya, na ina duara la wino mwekundu. Nikamuuliza, "Mama, hii ya nini tena?"

"Ya maji," akasema. "Barua tumepeleka Jumatatu." Akanifungia mahamri manne kwenye gazeti, akaendelea kukanda.